Nadharia ipi? Neno moja katika taaluma tano, na namna ya kuchagua maana inayokufaa

Muulize mwanafunzi wa fizikia nadharia ni nini, atakutajia jambo lililopimwa na kupimwa tena mpaka wapimaji wakachoka. Mwenzake wa fasihi atakwambia ni miwani ya kusomea. Wa hisabati atadhani unauliza habari za somo zima. Wa sosholojia atataka kwanza kujua unasema nadharia kubwa au ndogo. Na anayejifunza udereva atakwambia ni ule mtihani wa kalamu na karatasi unaofanywa kabla ya kushika usukani. Hakuna aliyekosea. Tatizo huanza pale mtu mmoja, katika andiko moja, anapotumia maana mbili za neno hilo bila kujua kwamba amehama.

Mfano ninaokutana nao mara kwa mara nikihariri kazi za wanafunzi ni huu: "Utafiti huu unaongozwa na nadharia ya ufeministi. Lengo la utafiti ni kuthibitisha nadharia hiyo." Sentensi ya kwanza imetoka kwenye fasihi, ya pili imetoka maabara. Huwezi kuvaa miwani halafu ukatangaza kwamba safari yako ni ya kuthibitisha miwani. Msimamizi atapiga mstari mwekundu na kuandika "fafanua" pembeni, na mwanafunzi ataongeza kurasa tatu za historia ya ufeministi, ambazo hata hazikuwa shida yenyewe.

Neno lenyewe halina hatia. Tumelichukua kwa Waarabu, na mzizi wake ni wa kutazama, uleule uliotupa "nadhari". Wagiriki, ambao neno lao ndilo lililoenea katika lugha za Ulaya, nao walianzia kwenye kutazama. Taaluma zimeachana njia katika swali linalofuata: ukishatazama, ni kitu gani kitakachokwambia kwamba umeona vibaya?

Vigezo vya kulinganishia

Nitazipitisha maana zote katika maswali manne. La kwanza ni kazi: nadharia hapa inafanya nini? La pili ni anguko: kitokee nini ndipo watu wa taaluma hiyo waseme nadharia imeanguka? Hili ndilo ninalolitegemea kuliko mengine, kwa sababu watu wawili wanaweza kutoa fasili zinazofanana neno kwa neno na bado wakatofautiana kabisa hapa. La tatu ni mahali: katika andiko, nadharia inakaa mwanzoni, katikati au mwishoni? La nne, inamfaa nani?

Sayansi asilia: maelezo yanayojiweka hatarini

*Kazi.* Tuanze na kosa la kawaida, lile la kudhani nadharia ni sheria ambayo haijakomaa. Mwaka 1662 Robert Boyle alitoa kanuni inayobeba jina lake: ukiibana gesi mpaka nusu ya ujazo wake, joto likibaki lilelile, kanieneo huwa maradufu. Hiyo ni sheria. Inasema kinachotokea, basi. Kwa nini kinatokea, haisemi. Jibu la kwa nini lilikuja na nadharia ya mwendo wa molekuli: gesi ni vijipande vinavyokimbia huku na huku vikigonga kuta za chombo, na nafasi ikipungua nusu, kila sehemu ya ukuta inagongwa mara mbili zaidi. Sheria inaeleza mwenendo, nadharia inaeleza sababu, na hakuna siku nadharia inapandishwa cheo ikawa sheria. Kinachosubiri kupimwa kina jina lake, nadharia tete, na "tete" hapo ni ileile ya "hali tete".

*Anguko.* Hapa kuna kisa kinachostahili kusimuliwa polepole. Katika miaka ya 1840 sayari ya Uranus ilikuwa haipiti pale ambapo hesabu za Newton zilitaka ipite. Kwa haraka ungesema nadharia ya Newton imeanguka. Urbain Le Verrier, Mfaransa, hakusema hivyo. Alidhani kuna sayari nyingine isiyoonekana inayoivuta Uranus, akapiga hesabu ya mahali inapopaswa kuwa, akamwandikia Johann Galle aliyekuwa kwenye darubini huko Berlin. Usiku wa tarehe 23 Septemba 1846 Galle alielekeza darubini na kuikuta Neptune, pembeni mwa pale palipotajwa kwa chini ya digrii moja.

Kisha ikaja Zebaki, sayari iliyo karibu zaidi na jua. Nayo mzunguko wake ulikuwa unapotoka kidogo. Mwaka 1859 Le Verrier alitumia dawa ileile: iko sayari nyingine, karibu zaidi na jua, iliyojificha katika mwanga wake. Ikapewa jina, Vulcan, na watu wakaisaka kwa miaka. Haikuwapo. Tofauti iliyokuwa ikisumbua, sekunde 43 za tao kwa karne (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii), ilielezwa mwaka 1915 na nadharia ya uhusianifu ya Einstein, ambayo ilibadilisha maana yenyewe ya mvutano.

Mtu yuleyule, nadharia ileile, dawa ileile: mara ya kwanza ushindi, mara ya pili mkosi. Kwa hiyo wanaosema kwamba nadharia ya kisayansi hufa kwa pigo moja la ushahidi wanarahisisha mno. Lakini lazima iwe na mahali pa kupigwa. Ya Einstein ilisema mwanga wa nyota unaopita kando ya jua utapinda kwa sekunde 1.75 za tao, mara mbili ya kiasi ambacho hesabu za Newton zingetoa. Tarehe 29 Mei 1919 jua lilipatwa, na makundi mawili ya Waingereza, moja likiwa na Arthur Eddington katika kisiwa cha Príncipe na jingine Sobral huko Brazil, yakapiga picha za nyota. Zilikuwa siku ambazo nadharia ingeweza kuaibika hadharani. Haikuaibika.

*Mahali.* Katika ripoti ya sayansi asilia huoni sura yenye kichwa "Nadharia". Imo ndani ya utangulizi, na kutoka humo huzaliwa nadharia tete zitakazopimwa.

*Inamfaa nani.* Anayeweza kusema kabla ya kupima: nikipata tarakimu hizi, nimekosea. Asiyeweza kusema hivyo ana jambo jingine mkononi, huenda zuri, ila si nadharia ya aina hii. Na anayesema "hiyo ni nadharia tu" kuhusu vijidudu vinavyoleta magonjwa, au kuhusu mageuko ya viumbe, amechukua maana ya barazani akaipeleka maabara.

Hisabati: eneo zima, au nyumba iliyojengwa juu ya misingi

*Kazi.* Wanahisabati wana matumizi mawili, na hakuna hata moja linalobeba shaka. Nadharia ya namba, nadharia ya seti: hapo neno linataja eneo la kazi, kama mkulima anavyosema shamba. Kwa watu wa mantiki, nadharia ni mkusanyo wa kauli zote zinazofuata kutoka kwenye misingi iliyokubaliwa bila kuthibitishwa. Kauli moja iliyothibitishwa huitwa theoremu. Kauli ambayo bado haijathibitishwa, hata kama kila mtu anaiamini, hubaki kuwa kisio.

Kiswahili kinatuponza kidogo hapa. Ile kauli ya Pythagoras kuhusu pembetatu mraba utakuta wengine wanaiita kanuni, wengine theoremu, wengine nadharia. Mwanafunzi aliyesoma "nadharia ya Pythagoras" asubuhi na "nadharia ya mageuko" mchana anaweza kudhani vina hadhi moja ya uhakika. Havina. Cha kwanza kimethibitishwa kwa hoja, na ndani ya misingi yake hakuna kipimo cha kesho kitakachokitikisa. Ndiyo maana mimi hutumia "theoremu" bila aibu.

*Anguko.* Mwaka 1742 Christian Goldbach alimwandikia mwanahisabati mwenzake, Euler, kuhusu wazo ambalo leo tunalisema hivi: kila namba shufwa iliyo kubwa kuliko 2 ni jumla ya namba tasa mbili. 28 ni 11 na 17. 100 ni 47 na 53. Kompyuta zimeshakagua mpaka bilioni nne zilizozidishwa kwa bilioni moja, na hakuna hata namba moja iliyokataa. Mpe mwanafizikia ushahidi wa namna hiyo, atafunga daftari na kwenda kulala. Mwanahisabati bado analiita kisio.

Ukaidi huo una sababu. Mwaka 1919 George Pólya alikisia jambo kuhusu vigawo tasa. Chukua 12: ni 2 × 2 × 3, vigawo vitatu, idadi witiri. Chukua 10: ni 2 × 5, viwili, idadi shufwa. Pólya alikisia kwamba ukihesabu kutoka 1 hadi namba yoyote kuanzia 2, zenye idadi witiri hazitazidiwa kamwe na zenye idadi shufwa. Jaribu mwenyewe mpaka 100, mpaka 1,000, mpaka milioni, linasimama. Mwaka 1958 C. B. Haselgrove alionyesha kwamba lazima livunjike mahali fulani, na mwaka 1980 ikajulikana mahali pa kwanza linapovunjika: 906,150,257. Mifano zaidi ya milioni mia tisa ilikuwa upande wa Pólya, na ilikuwa inamdanganya.

Nadharia nzima ya kihisabati huanguka kwa njia moja tu: ikijipinga yenyewe. Mwaka 1902 Gottlob Frege, mwanamantiki wa Ujerumani, alipokea barua kutoka kwa Bertrand Russell wakati juzuu ya pili ya kitabu chake kuhusu misingi ya hesabu iko kwa mpiga chapa. Barua ilimwonyesha kwamba misingi yake inaruhusu seti ya seti zote zisizojijumuisha, na seti hiyo haiwezi kujijumuisha wala kutojijumuisha. Hakuna darubini iliyohitajika. Kinyume chake, uhusianifu wa Einstein haukuiangusha jiometri ya Euclid. Ulionyesha tu kwamba anga tunayoishi haifuati jiometri hiyo, na Euclid hakudaiwa kitu.

*Mahali.* Mwanzoni, kama fasili na misingi. Baada ya hapo andiko lote ni matokeo yake.

*Inamfaa nani.* Anayetoa uthibitisho. Ukitumia hisabati kama chombo cha kupimia mambo ya dunia, kwa mfano takwimu, usiazime uhakika wake: hesabu yako inaweza kuwa sahihi na dhana uliyoanza nayo ikawa ndiyo mbovu.

Fasihi: macho ya kuazima

*Kazi.* Nadharia ya fasihi haikusudii kutabiri mwandishi fulani atafanya nini. Inakupa maswali ambayo usingeyauliza ukiwa peke yako. Chukua kisa cha sentensi moja: *Mjane anauza cherehani yake ili alipe ada ya mwanawe wa kiume, na binti anabaki nyumbani akishona kwa mkono.*

Msomaji wa Umaksi anaikodolea macho cherehani. Ni nyenzo ya uzalishaji. Familia imeiuza ili inunue nafasi kwenye soko la kazi za mshahara, na sasa kazi ileile ya kushona itachukua saa nyingi zaidi. Msomaji wa ufeministi anauliza swali ambalo kisa kimelinyamazia: kwa nini ada ni ya mtoto wa kiume, na nani aliyeamua? Msomaji wa umuundo hana haraka na haki wala dhuluma. Anapanga jozi za vinyume, mashine na mkono, kuondoka na kubaki, akaona kisa kimesimama juu ya jozi hizo. Njia hiyo ina mizizi katika mihadhara ya isimu ya Ferdinand de Saussure, iliyochapishwa mwaka 1916 baada ya yeye kufariki. Na tangu Edward Said alipochapisha kitabu chake kuhusu namna Ulaya ilivyoichora Mashariki, mwaka 1978, kuna msomaji mwingine atakayeuliza: nani anasimulia kisa hiki, na anamsimulia nani?

Wote wamesoma sentensi ileile, na hakuna aliyemshinda mwenzake. Wala huwezi kuwapeleka maabara.

*Anguko.* Je, basi kila kitu ruksa? La. Usomaji mmoja unaweza kuwa mbovu: ukisema mjane ni tajiri, matini yenyewe itakukana. Lakini nadharia kama nadharia huchakaa, haikanushwi. Dalili ya kuchakaa ni pale inapotoa jibu lilelile kwa kila matini. Ukishajua kabla ya kufungua riwaya kwamba utakuta unyonyaji, na ukaukuta, na riwaya inayofuata ukaukuta tena kwa maneno yaleyale, miwani imekuwa picha iliyobandikwa kwenye kioo. Hapo umaumbo, uliochokwa na wengi kwa kujali sana mbinu za kisanaa na kupuuza jamii, unaweza kukuonyesha kipya kuliko nadharia ya juzi.

*Mahali.* Sura ya kwanza au ya pili, pamoja na mihimili yake. Na hapa nina lalamiko la mhariri. Tasnifu huorodhesha mihimili minane, kila mmoja na aya yake, halafu sura ya uchambuzi inafika bila mhimili hata mmoja kutajwa tena. Mihimili miwili iliyofanya kazi inatosha.

*Inamfaa nani.* Anayefasiri: matini, filamu, hotuba, picha. Kitenzi chake ni "kuchunguza kwa kuongozwa na". "Kuthibitisha" kiachwe kwa wenyewe.

Isimu: mguu mmoja huku, mmoja kule

Wanaisimu wengi husoma idara moja na watu wa fasihi, na ndiyo maana wanabeba maneno ya fasihi kwenda kwenye kazi isiyo ya fasihi. Nadharia ya sarufi, tangu kazi ya Noam Chomsky ya mwaka 1957, inadai kutabiri: sentensi ipi mzungumzaji ataikubali na ipi ataikataa.

Tazama hii: *Mama alimpikia mtoto chakula.* Igeuze iwe ya kutendwa: *Mtoto alipikiwa chakula.* Sawa kabisa. Sasa jaribu kukifanya chakula kiwe kiima: *Chakula kilipikiwa mtoto.* Sikio linagoma. Nadharia ya sintaksia inayoruhusu zote mbili kwa Kiswahili imekosea, na inayozikataa zote mbili imekosea vilevile. Isitoshe, lugha za Kibantu zenyewe hazilingani: Joan Bresnan na Lioba Moshi, katika makala ya mwaka 1990, waliweka bayana kwamba Kivunjo, mojawapo ya lahaja za Kichaga, kinaruhusu yambwa zote mbili (mtendewa na kitu, kama mtoto na chakula hapo juu) kugeuzwa kiima, pale ambapo Chichewa, lugha ya Malawi, kinaruhusu moja. Nadharia ikabidi ieleze tofauti hiyo. Anguko lake basi liko karibu na la maabara, tofauti ni kwamba kipimo ni sikio la mzungumzaji, nalo lina siku zake.

Mahali pake ni mwanzoni kwa kuitambulisha, kisha kila mara data inapoingia. Inamfaa mwenye data za lugha ambazo nadharia inaweza kushindwa kuzieleza. Kama unatumia fonolojia zalishi au Umbo Upeo, nadharia mbili zinazotumika kueleza sauti za lugha, na hakuna hata mfano mmoja unaoipa taabu, rudi kwenye data. Huenda umechagua mifano inayokupendeza tu.

Sayansi za jamii: kubwa, ndogo, na ile inayokuja mwisho

*Kazi.* Hapa neno lina vyumba vingi. Kuna nadharia kubwa zinazotaka kueleza jamii nzima. Kuna zile ambazo Robert Merton, mwaka 1949, alizipigia debe kama nadharia za masafa ya kati: zinaeleza jambo lenye mipaka, mathalani kwa nini watu hujilinganisha na kundi fulani, na zinaweza kupimwa. Kuna pia zile za uchumi, zinazotangulizwa na sharti maarufu la "mambo mengine yakibaki kama yalivyo", ingawa katika maisha hayabaki kamwe.

Na kuna chumba kinachowachanganya wanafunzi kuliko vyote. Barney Glaser na Anselm Strauss, waliokuwa wamechunguza namna wagonjwa mahututi na wahudumu wanavyoishi na habari ya kifo hospitalini, walitoa mwaka 1967 njia ambayo nadharia ndani yake haichaguliwi mwanzoni. Inaota kutoka kwenye mahojiano na uchunguzi, na ndiyo zao la utafiti. Mwanafunzi anayesema anafuata njia hii, halafu sura ya pili akaweka nadharia ya kuongoza utafiti, amevuna kabla ya kupanda.

*Anguko.* Mwaka 1958 A. W. Phillips alichapisha uchunguzi wa Uingereza wa tangu 1861 hadi 1957: ukosefu wa ajira ulipokuwa mdogo, mishahara ilipanda haraka, ulipokuwa mkubwa, ilipanda polepole. Wengine wakaufanya mchoro ule kuwa kama menyu, kwamba serikali inaweza kununua ajira kwa kukubali bei zipande. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Milton Friedman na Edmund Phelps walionya kwamba watu watajifunza kutarajia kupanda kwa bei na mpango utaharibika. Katika miaka ya 1970 bei na ukosefu wa ajira vikapanda pamoja. Molekuli haisomi gazeti ikabadili mwendo, binadamu anasoma. Ndiyo maana nadharia ya jamii inaweza kufaa kwa miaka ishirini kisha ikaacha kufaa, na aliyeitoa asiwe mjinga.

Wakati mwingine anguko huwa la dhana ya awali tu. Mwaka 1979 Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha kwamba watu hawapimi faida na hasara kwa mizani moja: kupoteza kunauma kuliko kiasi kilekile kinavyofurahisha kikipatikana. Nadharia ya uamuzi ya zamani ilibaki kama kipimo cha namna mtu *angepaswa* kuamua. Ilichopoteza ni dai la kueleza namna watu wanavyoamua.

*Mahali.* Kwa anayepima, mwanzoni, katika kiunzi cha nadharia. Kwa anayefuata njia ya Glaser na Strauss, mwishoni. Kiunzi cha nadharia kisichanganywe na kiunzi cha dhana: cha kwanza unakipokea kwa watangulizi, cha pili unakichora mwenyewe kuonyesha unavyodhani vitu vyako vinahusiana.

*Inamfaa nani.* Anayechunguza watu wanaoweza kumjibu.

Na ile ya barazani

Maana ya mazungumzo ya kila siku ina sura mbili: nadharia kama kinyume cha vitendo, na nadharia kama kudhani tu. Ya kwanza ni safi na inafaa katika ratiba za mafunzo. Ya pili iachwe hukohuko barazani; katika andiko la kitaaluma tumia "dhana", "kisio" au "nadharia tete", kutegemea unachosema.

Uchague ipi, kwa hali yako

Kama una kipimo na tarakimu zinazoweza kukukana, tumia maana ya sayansi asilia, na andika wazi tokeo gani lingekuangusha. Ukishindwa kuliandika, usilazimishe. Jaribu maana ya fasihi au ya sayansi za jamii.

Kama unachambua riwaya, tamthilia au hotuba, chagua ya fasihi, taja mihimili utakayoitumia kweli, na futa kila "kuthibitisha nadharia" iliyojipenyeza. Ukitaka nadharia mbili kwa pamoja, hakikisha ya pili inauliza swali ambalo ya kwanza haiwezi kuliuliza. Ufeministi na Umaksi juu ya ile cherehani vinakaa vizuri, kwa sababu kimoja kinatazama mashine na kingine kinamtazama binti.

Kama kazi yako ni ya lugha, jiulize unafanya nini hasa. Unaeleza kwa nini sentensi fulani inakubalika? Hiyo ni isimu, na nadharia yako inaweza kukosea. Unaeleza kwa nini mwanasiasa amechagua neno fulani? Umekaribia fasihi au sosholojia, na maneno yako yahame nawe.

Kama umekwenda kwa watu bila jibu mkononi, ukiwa tayari kuwasikiliza, nadharia yako iko mwisho wa safari. Msimamizi akidai uiweke sura ya pili, mwonyeshe njia unayofuata kabla hujaanza kukusanya data; ukingoja mpaka baadaye, mazungumzo hayo huwa machungu.

Kama unachanganya taaluma, tuseme takwimu za matumizi ya maneno ndani ya riwaya, weka fasili mbili mwanzoni na uzipe majina tofauti: mfano "mkabala" kwa ile miwani na "nadharia tete" kwa dai litakalopimwa kwa hesabu. Msomaji hatakulaumu kwa kuwa na mbili.

Na kama unatafsiri, usikimbilie kuandika "nadharia" kila neno la kigeni linapofanana nalo. Angalia kwanza kama kitu chenyewe kimethibitishwa kwa hoja, kimepimwa kwa vifaa, au kimependekezwa kama namna ya kusoma. Cha kwanza kiite theoremu, cha pili nadharia. Cha tatu nadharia pia, lakini kitenzi utakachokiweka mbele yake ndicho kitakachomwonyesha msomaji ni ipi.